"Acts of genocide" ngapi ndiyo genocide?

Wadau, leo tuzungumzie msemo mmoja wa Kiingereza ambao sisi waandishi tunapenda kuuchomeka kwenye habari za mauaji: "acts of genocide". Wapo wanaoutumia wakiamini ni mpole kidogo kuliko "genocide" yenyewe. Imani hiyo ina historia, na historia yenyewe inatuhusu.

Neno "genocide" lilibuniwa na mwanasheria wa Poland, Raphael Lemkin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1944. Desemba 9, 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo. Mkataba unataja matendo matano: kuua, kudhuru vibaya mwili au akili, kuliweka kundi katika hali ya kulimaliza, kuzuia uzazi, na kuhamisha watoto kwa nguvu. Likitendwa mojawapo kwa nia ya kuangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, lote au sehemu yake, hiyo tayari ni genocide. Hakuna idadi ya matendo inayotakiwa kufikiwa kwanza.

Sasa twende Rwanda, 1994. Nchi zilizoridhia mkataba zimeahidi kuzuia kosa hili, na serikali ya Marekani haikutaka kubanwa na ahadi hiyo. Mwezi Mei maofisa wake wakaruhusiwa kusema kwamba "acts of genocide" zimetokea, basi. Juni 10, mwandishi wa Reuters, Alan Elsner, alimuuliza msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Christine Shelley, ni "acts of genocide" ngapi zinazotosha kuwa genocide. Shelley akasema hayuko katika nafasi ya kulijibu swali hilo. Watu walikuwa wakichinjwa kwa zaidi ya miezi miwili. Hadi kufika Julai, takriban 800,000 walikuwa wameuawa.

Jibu lilikuja kutolewa Arusha. Septemba 2, 1998 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa pale ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Majaji walisema hata ubakaji, ukifanywa kwa nia ya kuangamiza kundi, ni genocide. Hapa hata Kiswahili chetu kinaweza kutupoteza: tukisema "mauaji ya kimbari" tunaanza kuhesabu maiti, wakati sheria inatafuta nia.

Kwa hiyo ndugu zangu, "acts of genocide" ni sahihi ukiwa unataja matendo yenyewe yanayounda kosa hilo. Ukiutumia kama ngazi ya chini ya genocide, umepotosha sheria. Kama nia haijathibitishwa, andika kilichotokea: watu wangapi wameuawa, wapi, na nani anamtuhumu nani. Msomaji atakuelewa. Ila usiwasaidie wanasiasa kutafuta neno la kujifichia, maana mwaka 1994 walilipata, na waliolipia ni Wanyarwanda.