Nyigu wa Muhogo na Mabinti Zake

Leo tunazungumza habari za muhogo, lakini si mbegu wala palizi. Ni habari ya mdudu aliyeokoa chakula chetu, na jinsi anavyoamua kuzaa binti au mtoto wa kiume.

Wazee mtakumbuka. Mwaka 1973 kidung'ata wa muhogo alionekana Zaire ya wakati ule, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwao ni Amerika ya Kusini. Ni mdudu mweupe kama aliyejipaka unga, anafyonza ncha za mmea mpaka majani yanajikunja, kisamvu hakuna, na mizizi hainenepi. Tena wote ni majike, kila mmoja anazaa bila dume! Miaka ya 1980 alikwisha fika kwetu Tanzania.

Wataalamu wakamfuata kwao. Mwaka 1981 akapatikana Paraguay, na maadui zake pamoja naye. Mmoja ni nyigu anayeitwa Lopezi, mdogo kama punje ya ulezi. Msimfikirie yule nyigu wa kwenye mapaa ya nyumba. Jike humtoboa kidung'ata na kutaga yai ndani yake. Buu likianguliwa linamla, linabaki ganda kavu la kahawia.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyigu jike hutunza mbegu za dume tumboni. Yai likipewa mbegu huwa jike, lisipopewa huwa dume. Mama ndiye mwenye shauri, naye hupima kwanza. Akikuta kidung'ata mkubwa, chakula tele, anaweka binti. Akikuta kidogo, anaweka mtoto wa kiume. Binti aliyeshiba atataga mayai mengi, lakini dume hata akiwa mwembamba anaoa tu. Kwetu sisi wenye mashamba dume peke yake hatusaidii, maana hatobòi kidung'ata.

Lopezi alifunguliwa Nigeria mwaka 1981, akasambaa nchi nyingi za Afrika, na vidung'ata wakapungua sana. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mimi ningemgawia na nyigu.

Lakini kulikuwa na nyigu wa pili, ndugu yake Lopezi, kutoka huko huko Amerika ya Kusini. Naye alifunguliwa, lakini hakudumu. Kwa nini? Lopezi anakubali kumweka binti katika kidung'ata wa kadiri. Yule wa pili anataka mkubwa zaidi, na wengi walikuwa wamekwisha tobolewa na Lopezi kabla hawajakua. Akabaki kuzaa wavulana.

Hata Lopezi hakushinda kila mahali. Kwenye mchanga uliochoka, usio na matandazo, muhogo una njaa na vidung'ata wake ni wadogo. Hapo nyigu anazaa madume mengi, na kidung'ata anaendelea kula. Walipoweka matandazo na mbolea, vidung'ata walinenepa, nyigu nao wakawa wakubwa, na mabinti wakaongezeka. Usishangae, ndugu yangu: adui mnene ndiye aliyeleta nafuu.

Basi majani ya palizi msiyachome, yatandazeni shinani. Na mkiona ganda la kahawia lenye tundu, humo nyigu amekwisha toka. Msipulizie dawa hapo, mtamuua.