Ushahidi Uliokaa Ghalani: Detroit na Sheria ya Michigan ya 2014

Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii inaifaa historia ya ushahidi wa ubakaji nchini Marekani. Insha hii inaonesha kwamba kilichokosekana huko kwa miaka mingi si ujuzi wa kisayansi, bali sheria yenye kuhesabu siku.

Ujuzi ulikuwapo. Mwaka 1978, kwa juhudi za Marty Goddard, hospitali za Chicago zilianza kutumia kisanduku maalumu cha kuhifadhia ushahidi uliochukuliwa mwilini mwa aliyebakwa. Katika muongo uliofuata, vipimo vya vinasaba viliwezesha ushahidi huo kumtambulisha hata mhalifu asiyejulikana. Lakini kwa muda mrefu polisi waliachiwa hiari ya kuupeleka maabara au kuuacha.

Matokeo yake yalionekana Detroit. Mwaka 2009, ofisi ya mwendesha mashtaka Kym Worthy iligundua visanduku zaidi ya 11,000 katika ghala la polisi, vingi vikiwa havijapimwa. Kila kimoja kilitoka kwa mtu aliyevumilia kuchunguzwa mwili kwa saa kadhaa, akiamini kwamba ushahidi wake utafanyiwa kazi. Vilipopimwa, vinasaba vya mtu mmoja vilijitokeza katika visanduku vya watu tofauti. Yaani, ushahidi wa mmoja ulipokaa rafuni, mbakaji wake aliendelea kuwadhuru wengine.

Illinois ilitangulia kutunga sheria mwaka 2010. Michigan ikafuata mwaka 2014. Manusura akishatoa idhini, hospitali ina saa 24 kuwaarifu polisi. Polisi wana siku 14 kukichukua kisanduku, na siku 14 nyingine kukifikisha maabara. Nayo maabara ina siku 90 kukipima.

Hata hivyo, sheria hiyo ina mwanya. Siku hizo 90 zinategemea maabara kuwa na watumishi na rasilimali za kutosha. Bila bajeti, kisanduku kinaweza kutoka ghala la polisi kikaenda kusubiri maabara.

Pamoja na udhaifu huo, naona mageuzi haya yalibadili jambo moja kubwa. Zamani manusura ndiye aliyehangaika kuuliza ushahidi wake uko wapi. Sasa ofisi inayouchelewesha ndiyo inayopaswa kujieleza.