Kiharusi: Mgonjwa akirudi nyumbani, muuguzi ni wewe

Mgonjwa wa kiharusi kutoka Chome, Mbaga au Mamba akiruhusiwa hospitalini, anarudi milimani na mfuko wa dawa na kadi ya kliniki. Uuguzi wake haujaisha, umehamia nyumbani. Wanaoufanya ni mke, binti au mjukuu, na wengi hawajawahi kufundishwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Wapo wanaovuka kiharusi chenyewe, kisha wakafa kwa nimonia, vidonda vya mgongoni au kiharusi cha pili. Mengi ya hayo yanazuilika kwa mikono ya walio nyumbani.

Kiharusi ni nini?

Ni sehemu ya ubongo kukosa damu. Ama mshipa umeziba, ama umepasuka na damu kuvuja. Wapo wanaosema ni upepo mbaya au kurogwa, lakini chanzo kikubwa ni presha.

Ugonjwa huu upo sana Kilimanjaro. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006, uliochapishwa 2010, ulikuta wilayani Hai wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walikuwa kama 316, baada ya hesabu kuzingatia umri.

Saa za kwanza

Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kuisha nguvu, maneno kukorogeka: vikitokea ghafla, hata kimoja tu, tafuta gari. Bodaboda haimfai mtu asiyejitambua. Mlaze ubavu, kumbuka dalili zilianza muda gani, na usimpe chakula, maji wala aspirini. Kama mshipa umepasuka, aspirini inaweza kuongeza kuvuja.

Kipimo cha CT-Scan ndicho kinachotofautisha aina hizo mbili. Kutoka Same mjini hadi KCMC, Moshi, ni kama kilomita 100 za lami, lakini kabla ya hapo kuna mteremko wa udongo, na masika unateleza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, tena katika hospitali chache. Kwa mtu wa milimani muda huo unaweza kuishia njiani. Hata hivyo asiachwe nyumbani, maana uuguzi mzuri wa siku za kwanza nao unaokoa maisha.

Kumlisha

Kiharusi hudhoofisha koo. Chakula kikiingia njia ya hewa, kinaleta nimonia.

- Mkalishe wima kabla ya kumlisha, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula.
- Anza na kijiko kimoja cha chai cha maji. Akikohoa, au sauti ikiwa kama ina maji, acha na umrudishe hospitali. Huenda akahitaji mpira wa kulishia.
- Uji mzito humezeka kwa urahisi kuliko maji. Makande yasubiri mpaka ameze vizuri, na yakirudi, punguza chumvi na magadi. Magadi nayo yana sodiamu.
- Safisha kinywa chake kila siku, hata kama hajala.

Kumgeuza

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Wekeni zamu, maana mtu mmoja hawezi. Kagua kiunoni, makalioni na visiginoni. Ngozi iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu ni mwanzo wa kidonda: usiisugue, mwondoe asiilalie. Shuka au pampasi ikilowa, badilisha mara moja.

Mkono na mguu

Usimvute kwa mkono uliopooza, bega huteguka kirahisi. Uweke juu ya mto. Nyoosha na kukunja viungo vyake taratibu mara kadhaa kwa siku, kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivyoonyesha. Akiweza kukaa, akae. Akiweza kushika kikombe, ashike mwenyewe, hata kikimwagika.

Na zungumza naye. Asiyeweza kutamka mara nyingi anaelewa. Akilia ovyo au akisusa, huenda ni sonona, nayo inatibika.

Dawa za presha

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mgonjwa akijisikia vizuri, anaacha vidonge. Presha haiumi, inapanda kimya kimya. Dawa ni za kila siku, na zikikaribia kuisha mtu ashuke kuzifuata kabla ya kidonge cha mwisho.

Kabla ya kuruhusiwa, muulize muuguzi

- Anameza salama?
- Nimgeuze vipi bila kuumia mgongo?
- Kama ana mpira wa mkojo, unasafishwaje?
- Kila dawa ni ya saa ngapi, mpaka lini?
- Kliniki ni tarehe ngapi, na presha ipimwe wapi karibu na nyumbani?

Omba akuonyeshe kwa vitendo, kisha ufanye wewe akiangalia.

Mrudishe haraka ukiona

Homa na kikohozi, usingizi usio wa kawaida, degedege, mguu mmoja kuvimba, kupumua kwa shida, au udhaifu mpya. Usisubiri kupambazuke. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, Hospitali ya Gonja au hospitali ya wilaya Same, kutegemea uko upande gani wa mlima.