Bahi: Wilaya Inayohesabiwa Mwezi Agosti

Anayetaka kuielewa Wilaya ya Bahi asianze na ramani ya mwaka 2007, pale iliyokuwa Dodoma Vijijini ilipogawanywa kuwa Bahi na Chamwino. Aanze na Mto Bubu. Mto huu hushuka kutoka Kondoa na haufiki baharini; hukomea katika kinamasi cha Bahi, ndani ya Bonde la Ufa, ambako maji hutanda wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Kandokando yake watu hulima mpunga na kuvua samaki. Kwingineko mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mkulima mwenye busara hutegemea mtama na uwele.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 221,645 katika eneo linalokaribia kilomita za mraba 6,000, yaani watu kama 37 kwa kila kilomita ya mraba. Wastani huo haueleweki kwa mtu aliyepita huko. Watu wamesongamana karibu na maji, stesheni za reli ya kati na barabara ya Singida; kwingine ni vichaka na malisho.

Hata hivyo, tatizo linalonisumbua zaidi ni la kalenda. Sensa zote tangu Uhuru, za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, zilifanyika mwezi Agosti, na mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kiutawala sababu zipo: mavuno yamekwisha, barabara zinapitika. Lakini huo ndio wakati ambao vijana wengi wa Ugogo wako mjini wakitafuta vibarua, na ng'ombe wamesogezwa kufuata maji. Kijana aliyehesabiwa Dodoma mjini, Januari yumo shambani kwa wazazi wake, akiugua malaria mbele ya zahanati ambayo dawa zake zilikadiriwa bila yeye.

Maofisa wetu huuona mwendo huu kama kasoro. Kihistoria ulikuwa akiba. Mgogo aliweka ng'ombe wake kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame wa mahali pamoja usimmalize. Mvua ilipokosekana, alikwenda kuhemea, akibadilisha mifugo kwa nafaka.

Njaa ya Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, ilionyesha akiba hiyo ikivunjwa. Ukame Wagogo walikuwa wameuzoea. Safari hii, kabla mvua haijakatika, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Hakukuwa na cha kwenda kuhemea nacho. Makadirio ya utawala yalitaja vifo vya watu 30,000 kati ya wakazi kama 150,000.

Nusu karne baadaye, Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Shule na visima vilifuata, na sitavibeza. Lakini familia nyingi zilitenganishwa na malisho yao, na tangu hapo tumezoea kudhani kwamba mtu wa Ugogo ni yule anayekutwa nyumbani.

Katika kijiji kimoja wilayani humo niliwahi kuonyeshwa daftari la wakazi. Mtendaji alikuwa ameandika majina kwa kalamu ya wino, na pembeni, kwa penseli, nani ametoka, mwezi gani, na anatarajiwa lini. Kila msimu hufuta na kuandika upya. Nilimwuliza kama wilayani huwa wanaiomba safu hiyo ya penseli. Akacheka. Alisema huombwa jumla tu.