Motakaa ya Fahari Katika Nchi ya Mgawo

Katika mwezi wa Oktoba 1948 watu zaidi ya nusu milioni waliingia jumba la Earls Court, mjini London, kutazama motakaa. Maonyesho ya namna hiyo hayakuwako tangu mwaka 1938, kwa ajili ya vita. Siku zile Waingereza walikuwa bado wanapata petroli kwa kadi, na nyama kwa kadi, na sukari kwa kadi. Na mkate, ambao hata vita vilipokuwa vikali haukupimwa, ulikuwa umetolewa katika mgawo miezi mitatu tu iliyotangulia. Basi mbele ya watu hao walioshiba kwa kuhesabu ilisimama motakaa moja ya viti viwili, pua yake ndefu, mgongo wake umeteremka kama wa mnyama anyemeleaye mawindo. Iliitwa Jaguar XK120. Jaguar ni mnyama wa Amerika, afananaye na chui wetu, ila kichwa chake ni kizito zaidi. Na hiyo 120 ni maili ambazo motakaa ile iliahidiwa kwenda kwa saa moja, yaani kilometa 193.

Twajiuliza, nchi iliyogawa vipande vya nyama ilipataje kutengeneza chombo cha anasa namna hii? Tena, ilikuwa haki? Twakiri kwamba tulipoanza kusoma habari hizi tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi.

Mwenye kiwanda alikuwa William Lyons, mzaliwa wa Blackpool, mji wa pwani ya Uingereza. Mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 21, alishirikiana na jirani yake William Walmsley kutengeneza vile vigari vya kufungwa ubavuni mwa pikipiki. Fedha walikopa benki, baba zao wakawa wadhamini. Kazi ikakua, na mwaka 1928 wakahamia Coventry, mji wa mafundi wa baiskeli na motakaa. Baadaye Walmsley alijitenga, Lyons akabaki peke yake. Motakaa zake za kwanza ziliitwa SS, lakini vita vilipokwisha herufi hizo mbili zilinuka katika pua za watu wote, maana ndizo walizojiita askari wa Hitler waliofanya maovu makubwa. Kwa hiyo mwaka 1945 kampuni ikabadilishwa jina, ikawa Jaguar.

Habari za Coventry wasomaji wetu wengi wamezisikia kanisani. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 eropleni za Wajerumani ziliuangushia mji ule mabomu tangu magharibi hata alfajiri. Watu zaidi ya 500 walikufa, na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli likateketea, zikabaki kuta na mnara. Kuta zile hazikuondolewa; zimesimama hata leo kando ya kanisa jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962.

Kwa hofu ya mabomu ya moto, kila kiwanda kiliweka watu wa zamu kukesha usiku na kulinda moto. Lyons alipanga zamu ya kiwanda chake kwa akili: aliwaweka pamoja naye wahandisi wake, William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily. Wakakaa wanatazama mbinguni kama adui anakuja, na huku wanazungumza juu ya injini watakayoiunda siku ya amani. Lyons alitaka injini yenye nguvu, tena ipendeze macho mtu afunuapo boneti. Matokeo yake yalikuwa injini ya silinda sita, ya lita 3.4, yenye nguvu za farasi 160, na kamshafti mbili, ndivyo vyuma vya kufungulia vali, zimewekwa juu kabisa. Sisi twaona hapa ndipo mahali pa ajabu kuliko pote katika habari hii: watu waliouona mji wao ukiungua, wala hawajui kama kesho watakuwa hai, wakabishana juu ya uzuri wa injini.

Lakini amani ilipokuja haikuja na shibe. Uingereza ilitoka vitani na deni kubwa mno. Mwaka 1946 ilikopa tena kwa Wamarekani dola milioni 3,750, na malipo ya mwisho ya mkopo huo hayakutolewa ila mwaka 2006, watoto wa wakopaji wakiwa wazee. Ngano na mafuta vilitaka fedha za kigeni. Kwa hiyo serikali ilitoa amri ya namna yake: chuma ni haba, naye atakayeuza bidhaa nchi za nje ndiye atakayepewa chuma. Mwenye kiwanda asiyeuza ng'ambo angefunga milango.

Sasa twaweza kuielewa motakaa ile. Lyons alikuwa akitengeneza motakaa kubwa ya watu watano kwa injini mpya, nayo ilichelewa. Maonyesho yakakaribia. Ndipo akaagiza, kwa majuma machache tu, ifanywe motakaa ndogo ya kuionyesha injini na kuijaribu. Yeye hakuwa mchoraji. Desturi yake ilikuwa kusimama mbele ya umbo lenyewe na kuwaambia mafundi wapinde hapa, wanyoshe pale, mpaka jicho lake liridhike. Alidhani zitatosha motakaa 200 hivi. Za kwanza, kama 240, zilifanywa kwa mabati ya aluminiamu yaliyogongwa kwa mkono juu ya mbao za mti uitwao ash. Maombi yakamiminika hata ikabidi mwaka 1950 waanze kutumia mabati ya chuma yaliyokandamizwa kwa mashini. Kufika 1954 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 12,000, na sehemu kubwa ilikwenda ng'ambo, hasa Marekani. Mmoja wa wanunuzi wa kwanza alikuwa Clark Gable, mchezaji mashuhuri wa sinema.

Bei yake ilikuwa paundi 998 kabla ya kodi. Msidhani ni bei ya kubahatisha: tangu mwaka 1947 motakaa iliyozidi paundi 1,000 ilitozwa kodi maradufu. Lyons alijua kuhesabu.

Walikuwako waliosema maili 120 ni maneno ya wachuuzi. Mwezi wa Mei 1949 Lyons akawapeleka waandishi wa magazeti huko Ubelgiji, kwenye barabara iliyonyoka karibu na Jabbeke. Dereva wake, Ron Sutton, akapita mbele yao kwa mwendo wa maili 132 na zaidi. Hawakuuliza tena.

Walakini kwenda ni jambo moja na kusimama ni jambo jingine. Breki za XK120 zilikuwa za ngoma, na dereva akizikanyaga mara kwa mara zilipata moto, zikalegea. Kasoro hiyo ndiyo iliyozaa faida kwa wengi. Jaguar na kampuni ya Dunlop walitengeneza breki za diski, zinazobana sahani ya chuma iliyo wazi kwa upepo, na mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwazo mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Leo pikapu itupelekayo sokoni, na pikipiki nyingi tuzionazo njiani, hujizuia kwa breki za namna hiyo. Hapo hukumu yetu ya kwanza ilianza kutetemeka, ingawa bado twakumbuka kwamba fundi aliyegonga bati lile hakutazamia kuinunua motakaa aliyoifanya.

Le Mans ilimlipa Lyons ushindi, ikamtoza pia. Katika Juni 1955 mwanawe John alikuwa njiani kwenda huko, akapata ajali ya motakaa katika nchi ya Ufaransa, akafa. Siku chache baadaye Jaguar ilishinda. Na katika mashindano hayohayo motakaa ya Mercedes iliruka ikaangukia watazamaji, wakafa watu zaidi ya 80. Lyons alikuwa na mabinti, lakini hakuwa na mwana mwingine wa kiume. Mwaka 1966 aliiunganisha kampuni yake na British Motor Corporation, mwaka 1972 akastaafu, na mwaka 1985 akafariki.

Injini iliyopangwa katika zamu za usiku ilidumu hata 1992. Iliendesha vifaru vyepesi vya jeshi, na mwisho wake iliwekwa katika Daimler, zile motakaa ndefu za kuchukulia maharusi na maiti.