MKULIMA ALIYERUDI KUTOKA VITANI, NA MCHEZO WA TREKTA

Historia za vita hutaja majemadari, na historia za mitambo hutaja mafundi walioibuni. Mkulima aliyeitwa vitani, kisha akarudi kulima shamba lake, hutajwa kwa nadra. Lakini huko Marekani wakulima wa namna hiyo wameacha alama yao, na mojawapo ni mchezo wa kushindanisha trekta kwa kukokota mizigo. Atakaye kuyafahamu maisha yao, na autazame mchezo huo.

Asili yake ni zamani za farasi. Husimuliwa ya kuwa wakulima walipojisifu, kila mtu kwa farasi wake, waling'oa mlango wa ghala, wakaulaza chini na kumfunga farasi aukokote. Watu wakarukia juu yake mmoja mmoja, hata mnyama akashindwa. Aliyefika mbali kuliko wenziwe ndiye aliyeshinda. Trekta zilipoingia mashambani, majisifu yale yakahamia kwenye chuma. Na mwaka 1929 mashindano ya trekta yalifanywa katika majimbo ya Ohio na Missouri.

Mwezi wa Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili. Wakulima wengine waliachwa mashambani, kwa kuwa majeshi hayaendi bila chakula, wengine walikwenda. Kijana aliyezoea kufungua injini na kuifunga tena hakuwa mgeni mbele ya lori wala kifaru. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari watakaorudi: wapate masomo, wafundishwe ukulima, na wadhaminiwe mikopo ya kununua nyumba au shamba. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini utekelezaji wake uliachwa mikononi mwa mabenki na wakuu wa kila mahali, na askari weusi wengi, hasa katika majimbo ya kusini, walinyimwa. Waliovaa sare moja hawakurudia hali moja.

Waliopata shamba walitaka trekta. Mwaka 1940 Marekani ilikuwa na trekta za shamba zipatazo 1,500,000. Mwaka 1950 zilizidi 3,000,000. Na mwaka 1954 zikawa nyingi kuliko farasi na nyumbu wa mashambani. Jasho likapungua, na mavuno yakaongezeka. Lakini mtu mmoja alipoweza kulima shamba lililohitaji watu wengi, jirani mwenye shamba dogo aliuza akahamia mjini. Waliokaa mashambani mwaka 1940 walikuwa watu zaidi ya 30,000,000. Mwaka 1970 hawakufika 10,000,000. Trekta ile ile iliyompunguzia mkulima jasho ilimpunguzia na majirani.

Katika miaka hiyo hiyo mchezo ulisitawi. Trekta iliyolima siku za kazi ilipelekwa Jumapili uwanjani, ikafungwa sleji. Watu walisimama kando ya njia, na kila sleji ilipowapita walipanda juu yake, mzigo ukazidi kuwa mzito. Mshindi hakuwa mwenye mbio, ila yule aliyejua kupanga uzito wa trekta yake, kuchagua gia, na kuzuia magurudumu yasichimbe mahali pamoja. Ujuzi huo ni ule ule wa kondeni.

Mwaka 1969 wajumbe wa majimbo manane walikutana, wakaunda chama cha taifa na kanuni za namna moja. Kipimo cha kukokota kikamilifu kilikuwa futi 300. Ilitengenezwa pia sleji yenye sanduku la uzito linalosogea mbele kadiri inavyokwenda, watu wasiwe tena mzigo wa hatari. Mwaka 1972 ndugu wawili, Carl na Paul Bosse, walionyesha mtambo wa kuunganisha injini nyingi katika trekta moja. Hata injini za Allison, zilizorusha ndege katika vita ile, zikakokota sleji juu ya udongo. Trekta za namna hiyo hazikuweza tena kulima, wala mkulima wa kawaida hakuweza kushindana nazo. Kwa hiyo mashindano yaligawanywa kwa uzito na aina, hata trekta kuukuu zikapata mahali pao.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mkulima yule hakupata mali kwa mchezo huu. Alichopata ni siku moja ya kuwaona jamaa na majirani waliotawanyika, wakisimama pamoja kandokando ya njia ya udongo na kumwita kwa jina lake. Wengi wa askari wale wamekwisha kufariki, lakini trekta zao bado hupelekwa uwanjani na wajukuu.

Basi, msomaji, tukipokea chombo kipya cha kazi, tusiulize tu kitalima ekari ngapi. Tuulize pia kitatuachia majirani wangapi.