Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia ni nani atakayethibitisha kwamba mwenyeji amepona kweli. Kazi hiyo siku hizi wamepewa maofisa.

Wilaya yetu ya Kilosa imezoea wageni wenye ujuzi. Walikuja na Reli ya Kati, wakaja na mkonge wa Kimamba, wakaja na viwanda vya sukari kule mwisho wa tawi la reli lipitalo Mikumi hadi Kidatu. Zama za mkoloni mwenyeji hakuulizwa lolote. Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 ilipanga vibali vya ukaazi kwa madaraja: A kwa mwenye shughuli yake mwenyewe, B kwa mtaalamu aliyeajiriwa, na C kwa wengine, kama wamisionari, watafiti na wanafunzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mkuu wa shule moja ya binafsi upande wa Mikumi. Tulimwombea daraja B mwalimu wa fizikia kutoka nje. Ofisa wa Uhamiaji alikuja mwenyewe. Alilinganisha jina la pasipoti na la vyeti halisi, herufi kwa herufi. Akasoma mkataba wa ajira, akauliza kama nafasi ile ilitangazwa na Watanzania wangapi waliomba. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, atakayeirithi kazi hii ni nani?"

Nikamwonyesha kijana wetu aliyetoka chuo cha ualimu. Katika barua nilikuwa nimeandika kwamba anafunzwa kuendesha maabara. Ukweli ni kwamba alitunza funguo na kuosha vyombo. Ofisa akamhoji faraghani. Kijana akanistahi, akasema ndiyo, anafunzwa. Kibali kikatoka.

Mkataba wa mgeni ulipokwisha, maabara ilifungwa mwaka mzima. Nilipomkaripia yule kijana, alinijibu kwa upole, "Shikamoo Mwalimu. Mimi nilijibu ulichoandika." Sikuwa na neno.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 ilikaza kamba. Kamishna wa Kazi hutoa kwanza kibali cha kazi, ndipo Uhamiaji hutoa cha ukaazi. Kibali cha kazi hudumu miezi 24, nacho huongezwa, lakini sheria ilipotungwa, kwa mwajiriwa wa kawaida jumla haikupaswa kuzidi miaka 5. Mwajiri hutakiwa kuwa na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi, na maofisa wana mamlaka ya kuingia kazini kukagua. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, ofisa anaweza kuutambua mhuri wa kughushi. Somo ambalo halikufundishwa hawezi kuliona, ikiwa wenyeji wenyewe tumekubaliana kulificha.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kupita Kilosa kwenda Dodoma, wenzangu walistaajabia mahandaki yaliyotobolewa milimani kwa msaada wa wataalamu wa kigeni. Mimi niliwaza habari za vijana waliosimama kando ya wataalamu wale: je, walishikishwa spana, au walibebeshwa funguo tu?

Ndugu msomaji, ukipewa barua ya namna ile uitie saini, mwite kwanza kijana aliyetajwa humo. Mwombe akuonyeshe anachokijua.